Rubani Asiye na Kivuli

Wenzangu mnaobaki kazini, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani mkaniomba niwaandikie machache ya zamani. Saa nimeitundika, na machache ndiyo haya. Vyeo nitaviruka, maana kila cheo nilichopata kilinikuta nikiwa safarini kwenye landrova, nikakisikia baada ya wapishi na madereva. Mishahara mnaijua wenyewe. Nitakachowasimulia ni habari za chumba cha nyuma cha maktaba ya Mbinga, za Mzee Hyera aliyenifundisha kazi humo, na za vurugu iliyotupata kwa sababu ya jalada moja la kitabu. Nimeshika kalamu sasa hivi tu, na tayari nimecheka peke yangu hadi mjukuu wangu amekuja kuchungulia kama bibi ni mzima.

Nilifika Mbinga katika miaka ile ya vijiji vya ujamaa, msichana wa Tanga, niliyekulia kwenye joto na wali wa nazi. Hakuna aliyekuwa amenidokeza kwamba ndani ya nchi yetu hii hii kuna baridi ya kumlaza mtu na soksi. Siku ya kwanza niliripoti kazini nimejifunga khanga mbili juu ya gauni, na juu ya khanga nimevaa koti la mwenye nyumba wangu, mkulima wa kahawa wa Kimatengo aliyenionea huruma. Msimamizi wa maktaba alikuwa amesafiri kwenda Songea. Baadaye niligundua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake hasa. Kwa hiyo aliyenipokea alikuwa mshona vitabu, Mzee Hyera, mtu mfupi mwenye aproni ya turubai na uso wa mtu aliyeletewa hesabu isiyoingia.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Basi kaa. Shika hiki." Akanipa kisu, na kitabu kipya kabisa, bado kinanukia wino. "Kata jalada."

Nilidhani ananipima akili. Sikukata. Akakichukua, akakata yeye, sraa! Moyo wangu ukaruka kama nimeona mtu anachinjwa.

Kumbe ndivyo kazi ilivyokuwa ikifanyika pale. Vitabu tulivyoletewa vilikuwa vya jalada jepesi la karatasi, na visingemaliza msimu mmoja kwa wasomaji wetu, ambao walisomea jikoni, shambani, na juu ya magunia. Mzee Hyera alikuwa akiondoa jalada, akazifungua karatasi zilizokunjwa, kila fungu tukiliita kunjo, kisha akazishona upya kwa uzi uliopakwa nta na kuzitia ndani ya mbao nyembamba za karatasi ngumu zilizovishwa kitambaa cha kaki. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa muhogo, tukatia mrututu kidogo, dawa ile ile ya buluu wanayopulizia mibuni, ili mende wakionja gundi wajute. Kitabu cha Mzee Hyera ungeweza kukikanyaga kwa lori. Nimeona kimekanyagwa na lori.

Majalada yaliyokatwa hayakutupwa. Tuliyabandika ukutani katika chumba cha kusomea, safu juu ya safu. Basi rafuni vitabu vyote vilikaa na kaki yao kama mgambo kwenye gwaride, na ukutani picha zao zote za rangi zikiwatazama. Msomaji alichagua kitabu bila kujua sura yake, kisha akaenda ukutani kubahatisha sura ipi ni ya nani.

Mzee Hyera alikuwa na kanuni nyingi, na nilizipata zote, nyingine kwa kupigwa kidole na kipande cha mfupa tulichokuwa tukikunjia karatasi. Kanuni kuu ilikuwa hii: mshonaji akisoma, hashoni. Ukianza kuangalia maneno, mkono unasimama. Kujua kunjo lipi linafuata lipi, unatazama namba ndogo ambayo mchapaji huiweka chini ya ukurasa wa kwanza wa kila kunjo. Moja, mbili, tatu, nne. "Namba zikifuatana, kitabu kimefuatana," alikuwa akisema, na alisema kwa fahari. Nilimpenda mzee yule kupita kiasi. Alinifokea kila siku, na kila siku aliniwekea kiazi cha kuchoma kando ya jiko la gundi.

Ndipo ikaja *Kijiji cha Mwezini*.

Vilikuwa vitabu vyembamba vya mfululizo, vilivyochapwa Dar es Salaam, vya mwandishi aliyejitambulisha kwa herufi mbili tu. Wanakijiji kadhaa wa nchi yetu wanapelekwa mwezini kuanzisha kijiji cha ujamaa. Wana mwenyekiti, wana balozi wa nyumba kumi ingawa nyumba zenyewe ziko saba, wana mbuzi ndani ya banda la kioo, na wana chombo cha kurukia kinachoendeshwa na mwanamke kijana anayeitwa Zawadi. Rubani Zawadi haogopi kitu, anajibu wakubwa, na anatengeneza injini kwa kibanio cha nywele. Tulikuwa tumesikia redioni kwamba Wamarekani wameshatua huko juu na kurudi na mawe. Kwamba na sisi tungekwenda, tena na mbuzi, lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyeliona la ajabu. Swali pekee lilikuwa lini.

Tulipata nakala mbili za kila kitabu. Moja ilikaa Mbinga kwa ajili ya watu wa mjini na wa milimani. Ya pili niliiweka kwenye sanduku la kuazimisha vijiji vya ziwani, nikateremka nayo kwa landrova kupitia Tingi hadi Chiwanda, kule karibu na mpaka wa Msumbiji. Vitabu vitatu vya kwanza vilifika kwa pamoja, na Mzee Hyera akavishona vyote sita ndani ya juma moja, akipiga mluzi.

Jamani, wazimu ulioingia mjini! Watu waliokuwa wakija kusoma bei ya kahawa gazetini walianza kuja kugombea Zawadi. Kiongozi wao alikuwa Bwana Ndunguru, karani wa mizani katika chama cha ushirika wa kahawa, mtu aliyezoea kubishana kuhusu uzito na sasa akapata kitu kizito kweli. Alikuwa akisimama mbele ya ukuta wetu na fimbo, akikosoa majalada.

"Tazameni jalada la kwanza! Ng'ombe amevaa kofia ya kioo. Ng'ombe! Kitabuni mna mbuzi tu, toka mwanzo mpaka mwisho. Huyu mchoraji hakusoma kitabu!"

"Labda mbuzi hakumpendeza," mtu akasema.

"Basi asichore! Unachoraje kitabu hukukisoma?"

Kule chumba cha nyuma, sindano ya Mzee Hyera iliendelea kupita, tii, tii, bila kusimama.

Kitabu cha pili kinamalizika kwa ngoma kubwa kijijini, na Zawadi anakubali kuolewa na daktari. Mbinga nzima ilifurahi. Cha tatu kinamalizika vibaya: Zawadi anatoka nje ya chombo kuziba tundu, chombo kinalazimika kuondoka, na yeye anabaki peke yake kwenye vumbi la mwezi, hewa ya mtungi inakwisha. Watu walirudisha kitabu hicho macho mekundu. Mama mmoja wa kwaya aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama inafaa kumwombea misa. Nikamwambia mimi ni Mwislamu, amuulize padri. Sijui padri alimjibu nini, ila baadaye padri mwenyewe alikuja kuazima.

Ziwani mambo yalikuwa mengine. Kule kisomo cha watu wazima kilikuwa kimepamba moto, na kinara wa darasa la Chiwanda alikuwa Mama Anastasia, muuza samaki wa kukausha aliyejifunza kusoma ukubwani na sasa hakuna aliyeweza kumnyang'anya kitabu. Aliwasomea wenzake kwa sauti katika banda la kisomo, huku wakipasua mbasa, samaki wa ziwa lile. Kila niliposhuka nilimsikia akisema mambo ya ajabu: ati Zawadi ni mzimu. Mzimu mwema, lakini mzimu. Mimi na elimu yangu ya Tanga nikatabasamu tu, nikasema moyoni, watu wa ziwa na mizimu yao.

Mambo yalianza kuchacha tulipopata barua kutoka makao makuu. Kuna mtu alikuwa amelalamika kwamba maktaba ya Mbinga inakata majalada ya vitabu vipya vya serikali. Mkaguzi angekuja kuangalia. Kama angeona chumba cha ushonaji kinaharibu vitabu zaidi ya kinavyovitengeneza, kingefungwa, na mshonaji angepumzishwa. Mzee Hyera aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja kwa kile kipande cha mfupa, mikunjo iliyonyooka kabisa.

"Nikirudi kijijini nitashona nini?" akaniuliza. "Mahindi?"

Nilikwenda nyuma ya maktaba nikalia, kisha nikanawa uso na kurudi kukoroga gundi.

Katika siku hizo hizo wachapaji wakatuletea jalada la kitabu cha nne peke yake, kama tangazo, kabla ya kitabu chenyewe. Lilionyesha mwanamke mwenye mavazi ya rubani, ametugeuzia mgongo, jembe begani, akitazama uwanda wa mwezi uliojaa mashimo. Tulilibandika asubuhi, na kufikia mchana chumba hakipitiki.

"Ngolo!" Bwana Ndunguru akapiga kelele. "Hizi ni ngolo!"

Kwa mgeni nieleze: Wamatengo hulima kwenye miteremko mikali kwa kuchimba mashimo yaliyopangika, kila shimo limezungukwa na tuta la kupandia, na shimo linashika maji ya mvua yasichukue udongo. Hizo ndizo ngolo. Na kweli, ukitazama jalada lile, mwezi ulikuwa umelimwa kama mlima wowote wa Mbinga.

"Huyu ni Zawadi, na yuko hai!" Ndunguru akasema, machozi yanamlengalenga. "Yuko hai na analima! Tena kafundishwa na mtu wa kwetu!"

Nilishuka ziwani wiki hiyo na habari hizo nzito kuliko sanduku. Nilipowaeleza jalada, Mama Anastasia aliacha kisu.

"Ana kivuli?"

"Nani, mama?"

"Huyo mwanamke. Mzimu hana kivuli hata juani. Jua linampiga, sivyo? Ana kivuli?"

Nikafikiri. "Sikumbuki, mama."

"Hukumbuki! Mtu anakuja kutoka Mbinga na habari hazina kivuli!" Wenzake wakacheka hadi samaki wakaanguka. "Basi tutakuja wenyewe kuangalia. Lori la kijiji linapeleka mpunga Mbinga kesho. Zawadi alikufa kitabu cha pili, sisi tunajua."

"Cha tatu, mama. Cha pili ni ngoma na uchumba."

"Mwanangu, usinifundishe msiba niliozika mimi." Akachomoa kitabu cha pili kwenye khanga, akakifungua mbele ya pua yangu. "Soma, wewe uliyekwenda shule."

Nikasoma. "Zawadi alifungua mlango wa ukumbi, akawatazama wote, kisha aka..." Hapo ukurasa ulikwisha. Nikageuza. Ukurasa uliofuata ulianza: "...ya mwisho ilikuwa imekwisha kwenye mtungi, na vumbi la mwezi likamfunika miguu."

"Unaona?" Mama Anastasia akasema taratibu. "Amekufa katikati ya neno. Inaumiza sana."

Nilihisi baridi, na Chiwanda hakuna baridi. Nikaomba kitabu cha tatu, nikaenda moja kwa moja mwishoni. Ngoma. Uchumba. Daktari anacheka. Mzee wangu alikuwa ameshona kunjo la mwisho la kitabu cha tatu kwenye cha pili, na la cha pili kwenye cha tatu. Vitabu vyote viwili vina unene mmoja, namba za chini ni zile zile, namba za kurasa ni zile zile. Namba zilifuatana. Watu wa ziwani walikuwa wamemzika Zawadi mwisho wa kitabu cha pili, kisha wakafungua cha tatu wakamkuta anatembea na kuagiza chai, na kwa kuwa ni watu wenye akili wakafikia uamuzi pekee uliowezekana.

Nikakumbuka mkaguzi, aliyetarajiwa kesho yake. Nakala ile, mikononi mwa mkaguzi, ilikuwa ndiyo kufuli la chumba cha nyuma.

"Mama, hivi vitabu nivichukue vikatengenezwe."

"Vina ugonjwa gani?"

"Uzi umelegea."

Akauvuta uzi kwa nguvu zake zote za kuvuta nyavu. "Uzi wa Mzee Hyera haulegei," akasema, na kuvirudisha vitabu kwenye khanga. "Hivi ni ushahidi wetu."

Nilipanga kuwatangulia, nimtahadharishe mzee. Mungu akapanga tope la Tingi. Landrova ilizama hadi kwenye mihimili, na aliyetuvuta ni lori la Chiwanda lenyewe, likiwa na magunia ya mpunga na wapenzi wa Zawadi wakiimba juu yake. Tukaingia Mbinga pamoja, mmoja nyuma ya mwingine, na mbele ya maktaba gari la mkaguzi lilikuwa limekwisha egeshwa.

Ndani, Bwana Mkaguzi, mtu mrefu wa Dodoma mwenye sauti ya upole na macho yasiyo na upole wowote, alikuwa amesimama na Mzee Hyera mbele ya ukuta. Mzee alikuwa amevaa tai juu ya aproni.

"Kwa hiyo unavichuna," mkaguzi alikuwa akisema.

"Navichuna ili viishi, bwana."

Kabla sijafungua mdomo, Chiwanda nzima ilinipita na harufu ya samaki, ikajaa chumbani. Watu wa Mbinga waliokuwa wakisoma kimya wakainuka. Bwana Ndunguru akatokea, nadhani alikuwa amewaacha wakulima kwenye mizani.

Mama Anastasia alikwenda hadi kwenye jalada la nne, akaweka pua yake karibu kabisa, kisha akageuka, mikono juu.

"Hana!"

Upande wa ziwani ukapiga vigelegele. Mkaguzi akaniuliza, "Hana nini?"

"Kivuli, bwana," nikasema.

"Mzimu halimi ngolo!" Ndunguru akafoka. "Ngolo ni kazi ya mgongo, mama! Umewahi kuchimba hata moja?"

"Mwanamke hana kivuli, wewe unaniambia mgongo!"

"Mchoraji huyu hachori vivuli! Tazama majalada yote. Tazama ng'ombe yule wa jalada la kwanza, naye hana kivuli. Na ng'ombe naye ni mzimu?"

"Wewe mwenyewe si ndiye unayesema hayumo kitabuni?" Mama Anastasia akajibu. "Hayumo, lakini anaonekana. Sasa huyo kama si mzimu ni nini?"

Sijawahi kuona mtu akishindwa kwa haraka namna ile. Hata watu wa Mbinga wakamcheka Ndunguru. Mkaguzi alikuwa ameshusha kalamu, akitazama huku na huku kama mtu aliyeingia harusi ya watu.

"Lakini harusi!" Ndunguru akapata pumzi. "Alichumbiwa kitabu cha pili, akiwa hai!"

"Alichumbiwa cha tatu, akiwa amekufa! Ndiyo maana nasema yule daktari ni mwanamume kweli!"

Na hapo akavitoa vile vitabu, akavipiga mezani, pa! Ndunguru akaleta vya Mbinga. Wakaanza kusoma kwa sauti, kwa zamu, huku mimi natamani sakafu inimeze. Taratibu kelele zikapungua. Watu wakaanza kutazamana. Mwisho wa kila kitabu ulikuwa umehamia kwenye kingine.

Mzee Hyera akasogea. Alivichukua vitabu vya ziwani, akavifungua mgongoni, akapapasa uzi kwa kidole gumba.

"Hili ni fundo langu," akasema. Akasimama wima. "Bwana Mkaguzi, andika. Makunjo ya mwisho nimeyabadilisha. Namba zake ni sawasawa, na mimi hutazama namba. Asilaumiwe mtu mwingine."

"Mzee wangu," mkaguzi akasema, bila furaha, "hilo ndilo nililotumwa kulitafuta." Akaandika kidogo. "Vifungue, uvishone sawa mbele yangu. Baada ya hapo tutafunga chumba."

Nililia pale pale, mbele za watu, kwa sauti. Mzee hakunitazama. Alichukua kisu, akaweka ncha kwenye fundo. Mkono wa Mama Anastasia ukaanguka juu ya kitabu.

"Usithubutu."

"Mama, kimekosewa."

"Kimekosewa kwa nani? Sisi tumekaa na mzimu huyu masika yote, tumempenda, tumemwozesha. Leo umkate, umshone awe mtu wa kawaida?"

"Na mimi," Ndunguru akasema, akikohoa kidogo, "kabla hakijafunguliwa, ningeomba kukiazima. Nataka kuona daktari anavyomchumbia mzimu."

"Nipo nyuma yako," akasema mama wa kwaya. Nikageuka, nikakuta foleni. Foleni ya kitabu kibovu! Watu wa ziwani nao walikuwa wameshaziba meza upande wa pili, wanataka cha Mbinga, wamwone Zawadi akichumbiwa akiwa na uhai wake.

"Lakini Mzee Hyera," Ndunguru akauliza, "wewe ulipokuwa unashona hukushtuka? Marehemu anafika kwenye ngoma, anacheza, nawe kimya?"

"Sikuona," mzee akasema. "Sijavisoma."

"Hujasoma kipi?"

"Vyote. Mshonaji akisoma, hashoni."

Kosa la makunjo watu walikuwa wamelisamehe kabla halijapoa. Hili halikusameheka. Mama Anastasia alikaa kitini polepole.

"Umemshika Zawadi kwa mikono hii," akasema, "mara sita. Na humjui?"

"Simjui, mama."

"Yesu na Maria!" akasema mama wa kwaya.

Hapo palichafuka. Kila mtu alitaka kumweleza mzee kitabu, wote kwa pamoja, wengine wakianzia mwisho. Mmoja alimweleza injini, mwingine daktari, mwingine alikuwa akimwonyesha kwa kuruka jinsi watu wanavyotembea mwezini. Mzee Hyera alirudi nyuma hadi ukutani, tai imekaa upande, akiwatazama kama wamepandwa na pepo. Mkaguzi alipiga meza.

"Nimeelewa!" akasema. "Naona tatizo la chumba hiki si kuchuna majalada. Watu hawa wangesoma hata vitabu vilivyofungwa kwa majani ya mgomba. Tatizo ni mshonaji asiyesoma. Kitabu cha nne kikifika, Mzee Hyera atakisoma chote, neno kwa neno, kabla ya kugusa sindano. Kikishonwa sawa, chumba kinabaki na yeye anabaki. Kikikosewa, nafunga. Na hivi viwili," akasita, akatazama foleni zote mbili, "viacheni kama vilivyo."

Alipokuwa akitoka alisimama mbele ya jalada la nne, akainamisha kichwa upande mmoja. "Kweli hana," akasema, akaenda zake.

Mzee alianza na kitabu cha kwanza siku iliyofuata, kwa uso wa mtu anayekunywa mwarobaini. Alisomea kwenye kiti cha ushonaji, akifuata mstari kwa kipande cha mfupa. Kwanza alinung'unika. Kisha akaniuliza, kama kwa bahati mbaya, kama mbuzi wanaweza kweli kuishi kwenye kioo. Siku nyingine nilikuta gundi imeungua jikoni, jambo ambalo kama ningelifanya mimi ningetafuta kazi nyingine, na yeye hana habari, anasoma. Siku aliyomaliza cha tatu, cha Mbinga, alisahau kuniwekea kiazi.

Kitabu cha nne kilifika kwenye gari la posta, nakala mbili, zimefungwa kamba. Nitawaambia mwisho wa kazi hapa hapa, msije mkahangaika: alivishona vyote viwili, kila kunjo mahali pake, mkaguzi akavipekua ukurasa kwa ukurasa, na chumba hakikufungwa. Lakini siku kilipofika hatukujua hayo. Tulijua tu kwamba Mzee Hyera ameingia chumba cha nyuma na kitabu, amefunga mlango, na hakuna atakayejua habari za Zawadi kabla yake. Habari ziliruka haraka kuliko nilivyowahi kuzipeleka kwa landrova. Keshokutwa yake Chiwanda ilikuwa imefika, na mzee bado yumo ndani, akitoka kula na kulala tu, mdomo umefungwa kwa gundi yake mwenyewe.

Tulijaa chumba cha mbele, ziwa na mlima, tumekaa hadi sakafuni. Kila kicheko kilichotoka nyuma ya mlango kilizua ubishi. Ndunguru alisema hicho ni kicheko cha mtu aliyeona mtu hai. Mama Anastasia alisema mizimu nayo huchekesha. Kisha tukasikia mzee akipenga kamasi, na wote tukashikana mikono bila kuangalia nani ni wa wapi.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Hyera alisimama hapo, macho yamelowa, nywele zimesimama, kitabu kifuani.

"Umefika mwisho?" Ndunguru akanong'ona.

"Nimefika."

"Haya, sema, baba! Yuko hai?"

Mzee alitutazama mmoja mmoja.

"Kuna mahali katikati nilisoma mbio mbio," akasema. "Naanza tena." Akafunga mlango, na komeo tukalisikia.

Zilipigwa kelele ambazo nadhani zilifika Songea kwa msimamizi wetu. Mama Anastasia akavua kandambili, akaupiga nayo mlango kwa nguvu zote.

"Mzee Hyera! Nimetoka Chiwanda juu ya magunia! Nipe neno moja tu, amekufa au hajafa?"

Wote tukatega masikio. Ikatoka sauti ya mzee wangu, sauti ya mtu aliyekatishwa mahali patamu.

"Acheni kelele huko! Watu tunasoma."